Sauti Niliyoiweka kwa Ajili ya Jumamosi

Wiki mbili zilizopita tulimzika Kokushubira huko Muleba, na tangu nirudi sijafanya kazi ya maana zaidi ya kuchemsha chai na kuiacha ipoe. Nakaa Miembeni, hapa Bukoba mjini, chumba na sebule juu ya duka la vifaa vya umeme, na kuanzia asubuhi nawasikia wateja wakibishana na muuzaji juu ya balbu. Nimevuka sitini. Magoti yamechoka, mgongo umechoka, na koo, ambalo ndilo lililonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini, limechoka kuliko vyote. Watu wa hapa wanajua nilikuwa "mwimbaji wa Ulaya", na wengi wanadhani niliimba hotelini au katika kwaya kubwa ya Wazungu. Nilishaacha kueleza. Nilikuwa mwimbaji wa opera, soprano ya kidrama, maana yake sauti ya kwanza iliyo nzito, ya mwanamke anayepaswa kusikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti kwa saa tatu au nne, na ambaye mwisho wa hadithi kwa kawaida hufa. Nimekufa kwa sumu, kwa kisu, kwa moto, na mara nyingi kwa huzuni tu, halafu nikaenda chumbani kujifuta rangi usoni na kutafuta treni ya kunirudisha nyumbani kwenye chumba baridi. Lakini sikukaa chini kuandika juu ya majukwaa. Nataka kuandika mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi Kitendaguro kwa Ma Felista, mama yake Kokushubira. Ya ukoo wangu nayaacha, yana wenyewe wanaoyasimulia kila Krismasi, tena kwa kuyaongezea chumvi.

Nyumba ya Ma Felista ilikuwa na vyumba vitatu na jiko la nje, na kibanja chake cha migomba na kahawa kilifika mpaka madirishani, hivyo ndani kulikuwa na giza la kijani hata saa sita mchana. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, na ole wako uegemeze kichwa chenye mafuta. Mimi na Koku, hivyo ndivyo tulivyomwita, tulilala kitanda kimoja. Mchana tulikula ndizi na maharage, jioni tukala maharage na ndizi, na sukari ilipopatikana, maana miaka ile ilikuwa ya foleni, Ma Felista aliifungia kabatini na kutupimia kwa kijiko kama dawa. Alikuwa mjane. Mumewe alizikwa Muleba kwenye kibanja cha ukoo wao, na kila alipotukasirikia alisema, "Mkinichosha nitahamia Muleba nikalale zangu kando ya mzee." Nilipelekwa kwake nijifunze ushonaji mjini. Mpaka leo nikipewa cherehani nitakushonea mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Kwenye kwaya ya parokia Koku aliimba sauti ya kwanza na mimi waliniweka sauti ya pili. Si kwamba sauti yangu ilikuwa ya chini. Ilikuwa kubwa, na mwalimu wa kwaya alisema nikiimba ya kwanza nawafunika wenzangu. Katika kwaya zetu kumfunika mwenzako ni aina ya kiburi, kwa hiyo nilijifunza kuimba kwa nusu mdomo, na nikaona ni sawa tu. Siku moja kulikuwa na harusi, kanisa limejaa, vigelegele vimepamba moto, nikajisahau. Nilifungua mdomo wote. Miongoni mwa wageni alikuwepo Mwalimu Ishengoma wa Nyanga, Mlutheri, mtu mwembamba mwenye koti moja la siku zote, ambaye alikuwa amesomea kinanda cha kanisa ng'ambo na kurudi na hasira nyingi. Misa ilipokwisha alikuja kwa mwalimu wetu wa kwaya, nikiwa nimesimama pale pale, akamuuliza: "Huyu ng'ombe mmemfungia kwenye banda la kuku kwa sababu gani?" Nililia njia nzima kwa kuitwa ng'ombe. Juma lililofuata alifika Kitendaguro kuomba ruhusa ya kunifundisha, akakaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe bila kuegemea, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa nazo. Ma Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Walutheri hamna watoto wa kuimba mpaka mje kuazima kwetu?" Lakini alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakuegemea.

Nilikwenda Nyanga mara tatu kwa juma. Sebule ya Mwalimu ilinuka kahawa iliyoanikwa uani na vumbi la kinanda chake cha kukanyaga kwa miguu, ambacho noti mbili zilikuwa zimekufa na yeye alizijazia kwa kuziimba mwenyewe. Kwa miezi mitatu hakunipa wimbo. Alinipa irabu moja, A, niishike kwa pumzi moja, bila kusukuma, bila kutetemesha, kutoka ndogo mpaka kubwa na kurudi ndogo. Nikikosea hakukaripia, alifumba macho kama mtu mwenye jino bovu. Mke wake, Ma Adela, alikuwa akimenya ndizi jikoni, na kuta zile hazikuficha kitu. Nilimsikia akimwambia jirani, "Ni yule binti wa Kitendaguro. Haimbi, waitu, anaita ng'ombe waliopotea." Jirani akauliza kama mume atapatikana kwa makelele yale. "Atapatikana kiziwi," Ma Adela akasema, na wote wawili wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Baadaye aliniletea uji na kuniangalia nikiunywa wote, akaniongezea bila kuulizwa. Nimefundishwa na watu wenye majina makubwa tangu wakati ule, katika vyumba vyenye vioo kuanzia sakafuni mpaka darini, na hakuna aliyeniambia jambo ambalo Mwalimu Ishengoma hakuwa ameniambia kwa A yake ile. Waliniambia kwa upole zaidi tu.

Ma Felista naye alijipa kazi ya kulinda koo langu. Alinichemshia tangawizi, alinikataza maji ya mtungini asubuhi, na mbuzi wakitoroka alimtuma Koku awaite kwa sauti, si mimi. Koku alinuna. "Kwani sauti yangu mimi ni ya mbuzi?" aliuliza. Mama yake akamjibu kwamba kila mtu na karama yake. Siku moja Ma Felista alinisindikiza Nyanga, akakaa uani karibu na mikeka ya kahawa, na siku hiyo Mwalimu aliniruhusu kwa mara ya kwanza kuimba wimbo mzima, wa mwanamke anayemwomba Mungu kwa kuwa amechoka. Njiani kurudi, tulipofika bondeni, Ma Felista akaniuliza, "Tila, hiyo sauti ni ya kazi gani?"

"Ya kuimba, Ma."

"Kuimba tu?"

"Mwalimu anasema huko ng'ambo ni kazi kamili."

Alitembea hatua kadhaa. "Haya. Basi mimi nikifa utanililia kwayo. Wasikie mpaka Kamachumu."

Nilicheka, nikamwambia, "Nitalia, Ma, mpaka wafunge masikio." Naye akacheka. Kwetu mama huwaambia hivyo mabinti zake, na huwa si mzaha wote. Mwanamke asiyeliliwa vizuri watu wanamsikitikia hata kabla hajafukiwa. Kwa kuniambia mimi neno lile, alikuwa ameniingiza miongoni mwa mabinti zake, na nililijua hilo tukiwa bado tunatembea.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu alinipokea mlangoni na barua mkononi. Mama mmoja aliyesoma naye zamani, sasa mwalimu katika chuo cha muziki huko ng'ambo, alikuwa anapita Afrika Mashariki kusikiliza waimbaji, na kwa ajili ya urafiki wao angefika Bukoba kwa siku moja, Jumamosi. Alikuwa na nafasi moja ya kusomeshwa, moja tu, na hakuwa na mpango wa kurudi tena. Mwalimu alinisomea barua mara mbili. Nilirudi Kitendaguro mbio, nikawaambia Koku na mama yake, na Ma Felista alifungua kabati la sukari akatuwekea vijiko viwili viwili kila mmoja.

Ilikuwa ni majira ya senene, wale panzi wa kukaanga. Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya Jumamosi hiyo, Ma Felista alikaa barazani akiwanyonyoa senene mabawa na miguu, ungo mapajani, akitusimulia kuhusu mtu aliyemwaga mafuta yote jikoni kwa tamaa ya kuwakaanga. Hakumaliza kusimulia. Aliinamia ungo taratibu, tukadhani anatafuta kitu. Tulimbeba na majirani mpaka hospitali, na kabla ya adhuhuri mganga akatoka na kutuambia ni shinikizo la damu, na kwamba amekwisha kupumzika. Koku alikaa chini pale pale kwenye sementi. Mimi nilisimama, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, nalisema hapa kwa sababu nimechoka kulificha, lilikuwa Jumamosi.

Mwalimu Ishengoma alikuja jioni hiyo kutoa pole. Aliketi na wanaume, akainuka, akaniita nyuma ya jiko. "Mnazika lini?"

"Alhamisi. Muleba."

"Utakwenda, lazima uende. Lakini hutalia kwa sauti."

Nilimwangalia.

"Machozi yatoke, hayana shida. Sauti isitoke. Nimeongoza kwaya miaka ishirini, Domitila. Ukitokea msiba mtaani, Jumapili yake sauti ya kwanza haina hata mmoja wa kuimba. Wamelia siku mbili, wote wamekuwa vyura. Wewe ukilia kama wanavyolia, yule mama atakuja kusikiliza chura, atanipa mkono, ataondoka."

"Mwalimu, huyu ni mama yangu."

"Najua," alisema. Alifumba macho vile vile kama nilipokosea noti. "Na mimi nakuambia jambo baya. Amua mwenyewe."

Tulikwenda Muleba na jeneza kwenye lori, na wanawake waliimba njia nzima. Kwetu mtu anayefika msibani haanzi kulia amekwisha kukaa. Anaanzia mpakani mwa kibanja, akimwita marehemu kwa jina, ili walio ndani wajue nani amefika, nao wamwitikie kwa kilio chao na watoke kumpokea. Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingilia. Sisi tulikuwa wafiwa. Lori liliposimama Koku alishuka akapaza: "Maawe! Mama yangu, umenihama!" na kibanja chote kikamjibu, sauti juu ya sauti, mpaka migomba ikawa kama inasema. Mimi nilishuka nyuma yake nimefunga mdomo. Nilitembea ule mwendo wote, labda hatua sitini, nikisikia kilio kikipanda kifuani na kugonga chini ya shingo, na nikikirudisha chini kwa pumzi ile ile niliyofundishwa Nyanga. Nilikuwa fundi tayari.

Ndani, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, Koku alinishika kiwiko. "Lia," aliniambia sikioni. Nilitikisa kichwa. Alidhani sijasikia. "Tila, lia. Mama alikuomba." Nilichukua pembe ya kitenge nikaiweka mdomoni nikaiuma. Machozi yalikuwa yanatiririka, lakini machozi hayasikiki chumba cha pili. Shangazi yake Koku, aliyekaa karibu na jeneza, aliuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kama mimi ndiye yule aliyekuwa akichemshiwa tangawizi. Mtu akamjibu ndiyo. "Basi tangawizi imemziba," alisema. Hakuna aliyecheka. Koku alinitazama usoni, na nikaona anaelewa. Alijua habari za Jumamosi, alikuwa amekula vijiko vyake viwili vya sukari kwa ajili ya Jumamosi. Aliniachia kiwiko, akasogea, akalia sehemu yake na sehemu yangu, siku ile na siku iliyofuata, mpaka sauti yake nzuri ikabaki upepo tu.

Siku za matanga hakuna anayeondoka kwenda kwenye shughuli zake. Hakuna jembe linalogusa ardhi, hakuna safari, na mtu wa nyumba hiyo ndiye wa mwisho kabisa kufikiria safari. Mimi niliondoka Ijumaa saa tisa alasiri. Niliaga kwa mkono, kichwa chini. Walinipisha mlangoni bila hata mmoja kunisindikiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

Jumamosi niliimba vizuri. Ningependa kuandika kwamba niliimba vibaya, au kwamba huzuni yangu ilimliza yule mama wa kigeni. Sivyo. Niliimba vizuri kwa sababu nilikuwa nimelala, nimekunywa uji wa Ma Adela, na koo lilikuwa safi. Sebuleni kwa Mwalimu, kinanda kikiruka noti zake mbili, niliimba wimbo ule wa mwanamke aliyechoka. Yule mama aliandika kitu kwenye daftari, akamuuliza Mwalimu kwa Kiingereza nina umri gani, akasema sauti kama hii huja kwa nadra na isiharakishwe. Nafasi nikapewa. Mwalimu alitoka nje akajifanya anageuza kahawa.

Koku hakusema nami mpaka siku ya kuondoka kwangu, miezi kadhaa baadaye. Alinisaidia kufunga sanduku, akakunja nguo zangu vizuri kuliko ninavyozikunja mimi. Kisha akasema, "Nenda, Tila. Mungu akuongoze. Lakini huko uendako usije ukasema ulimpenda mama." Na sikusema. Waandishi wa magazeti waliniuliza mara nyingi nani alikuwa wa kwanza kuniamini, nikawatajia Mwalimu, ambaye alikuwa amefariki, na ambaye mazishini kwake sikufika kwa sababu nilikuwa na onyesho. Ndivyo kazi ile ilivyo. Ukiwa na mafua unaogopa kama mjamzito, unamkwepa mtoto anayekohoa, unanyamaza siku nzima kabla ya kuimba na kuandika mahitaji yako kwenye kijikaratasi. Nilikuwa na mume, akachoka kusoma vijikaratasi. Nilipokaribia miaka hamsini na mitano noti za juu zilianza kuyumba, kwanza usiku mmoja mmoja, halafu kila mara, na wakaanza kunipa nafasi za wauguzi na mama wakwe. Nikarudi nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, lakini kwanza awe amecheza kwao.

Nilikwenda kumwona Koku mara nyingi miaka hii ya mwisho. Alikuwa ameolewa huko huko Muleba, mjane kama mama yake, na kibanja kilichotunzwa. Alinipikia, alinipa kahawa za kutafuna, alinisimulia habari za wajukuu. Ya mwaka ule hatukuyagusa mpaka mwezi aliokufa, alipokuwa hawezi tena kukaa. Nilikuwa namnywesha uji, nikasema, "Koku, kuhusu Mama." Alimeza, akapumzika. "Nilikusamehe zamani," akasema. "Kukukasirikia ni kazi, nami nilikuwa na kahawa za kuchuma. Lakini usidhani ulifanya vema." Nikasema sidhani. "Basi nipe uji," akasema.

Alipofariki niliamua kwamba safari hii nitalia kwa sauti. Kuanzia Bukoba mpaka Muleba sikuzungumza na dereva. Nilishuka barabarani, nikatembea mpaka mpakani mwa kibanja peke yangu, nikamwita. "Kokushubira!" Na mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa. Mbavu zikafunguka, koo likashuka, sauti ikakaa mahali pake. Sikujua kwamba bado ipo. Ilitoka safi, ya mviringo, bila mkwaruzo hata mmoja, A iliyonyooka juu ya migomba. Nilitaka ipasuke. Niliisukuma, nikaibana, nikajaribu kuivunja kama wanavyoivunja wenzangu wote bila kufundishwa na mtu, nayo ikazidi kupendeza. Wanawake walikuwa wanatoka ndani kunipokea, wanalia, na mmoja baada ya mwingine wakanyamaza. Walisimama wakasikiliza. Mmoja alifuta uso, akainua simu kunirekodi. Sikujua namna ya kuacha, kwa hiyo nilimaliza kama ninavyojua kumaliza, nikishusha sauti pole pole mpaka ikapotea, ili hata walio nyuma kabisa waisikie inavyokwisha. Binti yake Koku, Jeska, mwalimu wa shule ya msingi, macho yake mekundu na sauti yake imekwisha, alikuja akanikumbatia.

"Asante, Mama mkubwa," alisema kwa kunong'ona, maana ndicho alichobakiwa nacho. "Umeimba vizuri sana."

"Asante, mwanangu," nikamjibu, na kichwa changu kikainama chenyewe mbele ya watu, kama jukwaani.